Mkutubi Aliyekwenda Kuamkua

Mkutubi wetu hakuingia katika ofisi ya mkubwa yeyote akiwa na haja. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua juu yake, na kwa muda mrefu sikulielewa. Alipokuwa na haja alikaa maktabani akatulia. Asipokuwa nayo ndipo alipojifunga buibui lake, akavaa viatu vyake vya kisigino kifupi, akatoka kwenda kuzuru watu.

Mara tu nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alinichukua tukaenda kwa Karani wa Mji. Huyu ndiye aliyeshika hatamu za ofisi zote za baraza la mji, na saini yake ndiyo iliyotupa au kutunyima kila kitu, tangu vitabu mpaka taa. Shida tulikuwa nazo. Paa la chumba cha watoto lilivuja, na rafu zilikuwa zimeliwa na mchwa hata tukaziegemeza kwa matofali. Niliingia nikijua kwamba hayo ndiyo tutakayoyasema. Mkutubi akakaa, akauliza hali ya mgongo wa Karani, akauliza mtihani wa binti yake, akasikiliza kisa kirefu cha dawa ya kuchua iliyomwasha kuliko kumponya. Akanywa chai, akaaga.

Tulipofika chini nikamwuliza, "Mbona hukumwambia habari ya paa?"

"Leo tumekuja kuamkua."

"Lakini tulikuwa mbele yake."

"Mama Mghoi," akasema, "mtu haamkuliwi kwa mkono uliokwisha kunyoshwa. Ukimzoesha hivyo, kila akikuona ataona paa linavuja. Atakukimbia."

Mghoi ni binti yangu wa kwanza. Mimi ni mtu wa Taita. Kazi ya mume wangu relini ndiyo iliyonileta Mombasa, nikiwa tayari nimesomea ukutubi. Kwa cheti, basi, nami nilikuwa mkutubi. Lakini katika jengo lile jina hilo lilikuwa la mtu mmoja, na watu wa Mji wa Kale walilitumia kama wanavyotumia jina la kuzaliwa. "Mkutubi yupo?" waliuliza mlangoni, na hakuna aliyedhani kwamba wananiuliza mimi.

Siku chache baada ya ziara ile, Karani wa Mji alipita maktabani kurudisha kitabu. Mchana ulikuwa wa joto na mvua ilikuwa imekwisha kunyesha asubuhi. Mkutubi akamwambia kwamba chumba chenye upepo ni cha watoto, akamwekea kiti huko, akamletea maji ya ndimu. Karani akakaa, akanywa, akasikia kitu kinadondoka. Akainua macho. Kisha akatazama chini akaiona ndoo, na karibu yake watoto wamejibana upande mmoja wa mkeka ili wasirowe.

"Hili paa lina muda gani?" akauliza.

"Paa gani?" Mkutubi akasema, naye akainua macho kama kwamba ndiyo kwanza analiona.

Mafundi walikuja kabla ya mwezi kwisha. Nilimtazama Mkutubi siku zile kama mtu anavyotazama kiini macho, nikitaka kuona mkono unapita wapi.

Umbo lake halikuwa na cha kuwatisha wakubwa. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na sauti yake ilikuwa ya chini, hata mtu alilazimika kumwinamia ili amsikie. Nadhani hilo alilijua. Nimewaona wanaume wenye vyeo wakimwinamia mbele ya watu, na kwa mbali ungedhani wanampa heshima. Alipenda chai ya tangawizi kali mno, na hakupenda kuona mtu amekaa bila kupewa kitu cha kunywa. Kila asubuhi alifungua gazeti, akaanza nyuma, kwenye matangazo ya vifo. Habari za serikali alizisoma baadaye, akibakiwa na nafasi.

"Kwani waliokufa si wengi kuliko unaowajua?" nilimwuliza siku moja.

"Nisiowajua wana ndugu ninaowajua," akasema, akaliweka gazeti chini na kuniuliza kama nimebakisha nauli ya kwenda Tudor, maana huko kulikuwa na matanga. Akaenda, akakaa na wanawake tangu adhuhuri hadi alasiri. Marehemu alikuwa shangazi wa mtu wa idara ya fedha.

Na hapa ndipo udadisi wangu ulipoanzia, nao haukunitoka miaka yote. Mkutubi alikuwa akienda kwa nini? Angekwenda kama marehemu hangekuwa na mpwa katika idara ya fedha? Nilijaribu kumwuliza kwa njia za kuzungukazunguka, naye akanijibu kwa njia za kuzungukazunguka. Mara moja tu nilimwuliza waziwazi, tukiwa tunapanga vitabu sisi wawili.

"Watu hawa unawapenda kweli?"

Alikuwa na kitabu mkononi, akakifuta vumbi kwa upindo wa leso.

"Nawazuru," akasema.

Nilingoja aendelee. Akaniomba nimpitishie kitabu kingine.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba hakuwa msomaji. Aliyajua majina ya vitabu, alipajua mahali pa kila kimoja, na angeweza kukwambia kipi kinaazimwa sana na watu wa Makadara na kipi kinaliliwa na wasichana wa sekondari. Lakini sikumwona hata siku moja amekaa na kitabu akakisoma mpaka mwisho. Nilipomtania alisema kwamba mpishi si lazima awe mlaji. Alichokisoma ni watu. Alijua kwamba Karani wa Mji hupenda hadithi za upelelezi na huona haya kuonekana nazo, kwa hiyo alimfungia kitabu katika gazeti. Alijua diwani fulani anajifunza Kiarabu kwa siri ili amshangaze baba mkwe wake. Alimpelekea kila mmoja kitabu chake kwa mkono wake mwenyewe, kimegongwa muhuri wa tarehe ya kurudisha, na tarehe ikipita alimtumia kadi ya kumkumbusha kama alivyomtumia mtoto wa shule.

Watu wengi pale mjini walikuwa na methali yao: mkono mtupu haulambwi. Waliisema wakimaanisha bahasha. Mkutubi hakupeleka bahasha kwa mtu. Alisema bahasha ikipokewa mambo yamekwisha, lakini kitabu cha kuazima huwapa watu wawili sababu ya kuonana tena.

Kwetu sisi wafanyakazi hakuwa na upole huo. Ukichelewa alikupokea mlangoni kwa kimya. Ukikosea kupanga vitabu alivitoa rafu nzima akaviweka sakafuni, ukaanza upya. Bwana Mutiso, mjalidi wetu, aliyeshona na kugandisha vitabu vilivyochanika katika chumba kidogo cha nyuma, alizoea kusema, "Ningekuwa diwani ningeamkuliwa vizuri." Alilisema kwa sauti ili asikie. Mkutubi alisikia, akacheka, na siku ya pili akambana tena kwa sababu ya gundi iliyomwagika.

Vyama vingi viliporudi, mji ulijaa mikutano, na kila mwenye kutaka kura alitafuta ukumbi. Chumba chetu cha kusomea kilikuwa kikubwa, chenye feni, na bure. Vijana wa chama kilichotawala wakaja kukitaka. Kesho yake wakaja wa upinzani. Sisi tuliogopa, maana ukimpa huyu umemnyima yule, na siku zile jambo kama hilo lingeweza kumtoa mtu kazini. Mkutubi aliwapa wote jibu moja: chumba ni cha wasomaji, siasa hazipigwi humu, lakini mheshimiwa yeyote anayetaka kuja kuwasomea watoto hadithi Jumamosi asubuhi atakaribishwa, na wazazi watakuwapo.

Wakaja. Ilikuwa kichekesho na ilikuwa jambo zuri, vyote pamoja. Wanaume waliozoea kuhutubia kwa kipaza sauti walikaa katika viti vya watoto, magoti juu, wakisoma habari za sungura na fisi. Mmoja alisoma kwa haraka kama anayesoma bajeti. Mwingine alijaribu kutia jina la chama chake katikati ya hadithi, na mtoto mmoja wa Kibokoni akamwambia, "Hilo halipo kitabuni." Wazazi wakacheka, naye akarudi kwa sungura.

Aliyewashinda wote alikuwa diwani wa mitaa iliyotuzunguka, mwanamume mrefu, mtanashati, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu. Nitamwita Diwani tu. Alisoma fisi kwa sauti ya fisi. Watoto walimng'ang'ania kanzu asiondoke, naye akawa anarudi Jumamosi nyingine, hata uchaguzi ulipokwisha na kiti amekipata. Mkutubi alimtengea chai yake. Walikuwa wakicheka pamoja, na nilianza kuamini kwamba hapa walau pana urafiki usio na hesabu.

Ndiyo sababu tulipojua ni nani anayetaka kutupokonya maktaba, sikuamini.

Wapima ardhi walifika asubuhi moja na vigingi vyao. Wakapima uwanja wa nyuma, ambao ulikuwa na mti wa mkungu ambao chini yake watoto walikaa kusoma, wakapima chumba cha watoto, wakapima na chumba cha Bwana Mutiso. Mkutubi akawaletea maji ya ndimu. Akawauliza watokako, akawauliza na kazi yao ni ya nani. Wakamwambia bila kuficha, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wafiche. Nyuma ya maktaba na ubavu wake mzima palikuwa pamekwisha kuahidiwa mfanyabiashara mmoja ajenge maduka. Kilichobaki ni baraza la mji kupitisha, na mwenye kupeleka shauri hilo ni Diwani.

Bwana Mutiso alitaka twende magazetini siku ileile. Alikuwa na binamu yake huko.

"Hapana," Mkutubi akasema.

"Wamwogopa?"

"Ukimtia mtu gazetini umemfunga. Hata akitaka kubadili neno lake hawezi tena, ataonekana ameshindwa. Mimi nataka aweze."

"Na asipotaka?"

Mkutubi akajifunga buibui, akatoka, na kwa majuma yaliyofuata maktaba aliniachia mimi.

Baadhi ya safari zile nilifuatana naye. Hakwenda kwa madiwani. Alikwenda Marikiti kwa hamali, wale wapakiaji waliokuja kwetu adhuhuri kusoma gazeti kwa zamu, mmoja akiwasomea wenzake. Alikwenda kwa walimu wakuu, kwa imamu wa msikiti wa jirani, kwa mchungaji wa kanisa nililosali mimi. Alikwenda kwa makarani wastaafu waliokaa kwenye baraza karibu na Ngome ya Yesu wakibishana habari za dunia walizozisoma mezani kwetu. Mimi alinituma Majengo kwa akina mama ambao watoto wao walifanya kazi za shule maktabani, kwa kuwa nyumbani chumba kimoja kilikuwa cha watu wote. Kila mmoja aliambiwa jambo lilelile: siku ya kikao, njoo ukumbini na kitabu chako, ukae mahali ambapo diwani wako atakuona, usome. Usiseme neno.

"Nisome tu?" mama mmoja wa Majengo aliniuliza. Alikuwa akikaanga viazi vya karai mlangoni kwake.

"Usome tu."

"Na mimi nisiyejua kusoma?"

Jioni nikampelekea Mkutubi swali hilo.

"Aje na mwanawe," akasema. "Mtoto atamsomea kwa kunong'ona."

Siku ya kikao viti vya wananchi vilijaa, na waliokosa viti wakasimama kandokando ya ukuta. Sijapata kuona kitu kama kile. Hamali na kamba za kuvutia mikokoteni mabegani, wazee wa kofia za viua, wanafunzi, wauza viazi, wote wameinamisha vichwa. Kilichosikika ni kurasa zikifunuliwa, na mahali fulani nyuma yangu, sauti ya mtoto akimnong'onezea mamake habari za mfalme na binti zake. Askari wa mlangoni alikuja akatutazama, akatafuta kosa, akalikosa, akarudi mahali pake.

Madiwani waliingia wakizungumza, na mmoja mmoja wakanyamaza. Nilimwona mmoja akimtambua aliyekuwa mwalimu wake. Mwingine alimpungia mkono mjomba wake, na mjomba akainua macho, akaitikia kwa kichwa, akarudi kitabuni.

Diwani aliposimama kuleta shauri lake, alishika karatasi akaisoma mwanzo wake kwa ile sauti nzuri. Kisha akatazama viti. Mkutubi alikuwa amekaa mstari wa mbele, buibui limefungwa vizuri, ana kitabu cha watoto mapajani. Hakumtazama. Alikuwa anakisoma kweli, au alijifanya. Diwani akakohoa. Akasema kwamba jambo hili, Mheshimiwa Meya, kwa vile linawagusa wakazi, lingefaa lipewe nafasi ya mashauriano zaidi. Akakaa.

Tulitoka nje tukiwa kama watu waliotoka harusini. Bwana Mutiso alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkutubi peke yake hakufurahi. Alisimama kivulini akimngoja Diwani atoke, na alipotoka akamwamkua, akamwuliza hali ya watoto, wakaenda pamoja wakizungumza.

Baadaye tukayajua waliyoyazungumza. Jengo lote litabaki maktaba, chumba cha watoto na chumba cha Bwana Mutiso vikiwamo. Karatasi rasmi itaandikwa, isiweze kuguswa tena. Uwanja wa nyuma utatolewa kwa maduka.

Bwana Mutiso aliingia ofisini mwa Mkutubi bila kubisha hodi.

"Tulikuwa tumeshinda," akasema. "Mbona umewapa uwanja?"

"Tulikuwa tumemzuia siku moja."

"Alikaa chini mbele ya watu wote."

"Ndiyo maana. Mtu akishindwa mbele ya watu atarudi, na atarudi siku ambayo hatuna watu. Hawa hamali nitawatoa kazini mara ngapi? Nimempa kitu cha kurudi nacho nyumbani."

"Umempa uwanja wa watoto."

"Nimempa," Mkutubi akasema. "Najua ni wa nani."

Bwana Mutiso akatoka. Tangu siku hiyo aliongea naye mambo ya kazi tu, na siku za kumuaga Mkutubi alipostaafu alihudhuria kila kikao bila kusema neno. Mimi mwenyewe sikujua nimshike nani. Mara nyingi nimejiuliza kama Mkutubi angeweza kuupata uwanja pia kwa kukaza kamba kidogo, na mara nyingi nimejijibu kwamba angepoteza vyote. Majibu yote mawili yamenifaa kwa siku tofauti.

Siku waliyoukata mkungu, tulitaka kufunga madirisha ya upande ule kwa sababu ya kelele na vumbi. Mkutubi akakataa. Akayafungua yote, hata lile lililokuwa gumu, akakaa kwenye meza yake karibu nalo kutwa nzima. Chai aliyoletewa ilipoa. Na Jumamosi iliyofuata, Diwani alipokuja kusoma hadithi, alimpokea mlangoni, akamwuliza habari za nyumbani, akamtengea chai yake kama kawaida.

Hilo ndilo nililoshindwa kulimeza. Nilidhani kuna mahali ambapo uso wa mtu lazima ufanane na moyo wake, na kwa Mkutubi nilipatafuta mahali hapo nikapakosa.

Alistaafu muda mfupi kabla ya uchaguzi wa pili wa vyama vingi. Nafasi yake nikapewa mimi, na watu wakaendelea kuja mlangoni wakiuliza, "Mkutubi yupo?" na nikisema ni mimi, wananitazama kwa huruma. Katika uchaguzi ule Diwani alishindwa. Alishindwa vibaya, na wenzake wa chama wakamwacha. Mfanyabiashara wa maduka akapata rafiki mwingine. Baadaye tukasikia kwamba Diwani amepooza upande mmoja na amerudi kuishi katika nyumba ya marehemu mamake, Majengo.

Asubuhi moja, mvua kubwa zikiwa zimekwisha, nilimkuta Mkutubi Marikiti akichagua machungwa. Alikuwa amepungua, na vile viatu vya kisigino alikuwa ameviacha kwa ndara. Tukaamkuana kwa kirefu. Aliniuliza habari ya Mghoi, ya mume wangu, ya mgongo wa Karani wa Mji. Kisha akanipa kikapu nimshikie.

"Kuna mtu namzuru," akasema. "Twende."

Sikuuliza ni nani. Tukapita vichochoro vya Majengo hadi nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, yenye baraza ndogo mbele. Nakumbuka zamani, Diwani alipokuwa na cheo, viatu vya wageni nyumbani kwake vilifika hadi njiani. Mlangoni pale hapakuwa na hata jozi moja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkonge, mkono mmoja umelala mapajani, na alipotuona alijaribu kujiweka sawa kanzu.

"Karibuni," akasema. Neno lilitoka limepinda kidogo, lakini sauti ilikuwa ileile.

Mkutubi akaketi, akaanza kumenya chungwa. Nilingoja aulize habari za nyumbani, kama alivyouliza siku zote. Hakuuliza.

"Wewe," akamwambia, "ulitaka kuwavunjia watoto chumba chao. Waliokushika kanzu usiende."

Nilitazama chini. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akisema na mtu wa cheo namna ile.

Diwani hakukasirika. Akasema, "Mbona siku zile hukuniambia?"

"Siku zile ningekwambia, ungenifungia mlango. Na nyuma yangu kulikuwa na watoto."

"Ukaninywesha chai."

"Nikakunywesha. Na mti ukaukata, na chai nikakupa. Wajua chai ile ilinipita vipi kooni?"

"Nilidhani hukujali," Diwani akasema. "Nilidhani mambo yamekwisha vizuri. Hata nyumbani nilisema, mwanamke yule ana akili, hana kinyongo."

"Nilikuwa nacho. Nilikiweka tu."

Akampa pande la chungwa katika mkono ulio mzima, akangoja alitafune. Kisha akaendelea. Akamweleza habari ya madirisha aliyoyafungua siku ile. Akamweleza jinsi Bwana Mutiso alivyoacha kuzungumza naye, na kwamba lile ndilo lililomwuma kuliko mti, maana Bwana Mutiso alikuwa na haki. Alisema yote kwa sauti yake ya chini, na Diwani, asiyeweza kuinama vizuri tena, alimwinamia kadiri alivyoweza ili asikose neno. Machozi yalimtoka katika jicho moja. Sikujua kama ni maradhi au ni maneno.

Tulikaa mpaka adhana ya adhuhuri. Mkutubi akainuka, akakung'uta maganda ya chungwa katika leso, akayatupa. Mimi nikamuaga Diwani, nikamwombea afya. Yeye hakunisikia vizuri; alikuwa anamtazama mwenzangu anayetafuta ndara zake.

"Juma lijalo waja?" akauliza.

"Naja," Mkutubi akasema. "Sijamaliza kukugombeza."

Diwani akanigeukia mimi, akatabasamu kwa ule upande wa uso uliobaki, kama mtu aliyeahidiwa jambo kubwa mbele ya shahidi.